Vijidudu Vinavyokula Plastiki

Akina mama wenzetu, tumezoea kupigana na vijidudu. Tunachemsha maji ya kunywa, tunawanawisha watoto mikono, tunaanika vyombo kwenye kichanja. Tuendelee hivyo hivyo. Lakini si vijidudu vyote ni adui. Vipo vinavyoweza kuondoa uchafu ambao ufagio na sabuni haviufikii.

Uchafu huo ni chembechembe za plastiki. Chupa ya plastiki ikitupwa haiozi kama ganda la ndizi. Jua huidhoofisha, nayo humeguka hata vipande vyake visionekane kwa macho. Chembe hizo zimekutwa katika maji, samaki na chumvi. Mwaka 2021 watafiti wa Italia walieleza kwamba kati ya kondo za nyuma 6 walizochunguza, 4 zilikuwa na chembe za plastiki. Sisi wauguzi habari hiyo ilitugusa sana. Madhara yake kwa mtoto bado yanachunguzwa.

Je, tutaziondoaje? Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walitangaza kwamba katika mji wa Sakai wamepata bakteria anayekula plastiki ya chupa za maji na soda. Walimwita Ideonella sakaiensis. Bakteria huyu hutoa vimeng'enya viwili, mfano wa vile vinavyosaga chakula tumboni mwetu. Cha kwanza huikatakata plastiki, cha pili humalizia, kisha yeye hujilisha. Katika joto la nyuzi 30, kipande chembamba kilimalizwa kwa wiki 6 hivi.

Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walionyesha kimeng'enya kingine kilichovunja asilimia 90 ya plastiki hiyo kwa saa 10. Lakini kilihitaji mtambo na joto la nyuzi 72. Hakiwezi kumwagwa ziwani kikasafisha. Tena bakteria wa Sakai hali mifuko ya nailoni wala ndoo.

Kwa hiyo kinga ingali bora kuliko tiba:

- Twende sokoni na kikapu.
- Tusiwashie moto wa jikoni kwa plastiki. Moshi wake ni sumu.
- Uji wa moto tuutie katika kikombe cha bati au cha udongo.
- Chupa tupu tuzikusanye, tuwauzie wanaozinunua.

Vijidudu vitafanya kazi yao polepole. Tusiviongezee mzigo.