Mkebe wa mraba, tundu la duara

Usiku wa Aprili 13, 1970, tangi la oksijeni lililipuka ndani ya chombo cha anga Apollo 13, kilomita zipatazo 330,000 kutoka duniani. Wanaanga wake, Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise, wakakimbilia Aquarius, chombo kidogo kilichokusudiwa kutua mwezini.

Wengi hudhani waliogopa kuishiwa oksijeni. Sivyo, ya Aquarius ilitosha. Kilichowanyemelea ni pumzi yao wenyewe. Mtu mmoja hutoa takriban kilo moja ya kaboni dayoksaidi kwa siku. Huku kwetu upepo huitawanya na mimea huila. Ndani ya chombo kilichofungwa haina pa kwenda, na pasipo uzito hata hewa ya moto haipandi juu: feni zikizimwa, pumzi humzingira aliyelala papo hapo usoni. Ikizidi, kichwa huuma, akili huvurugika, fahamu hupotea.

Kinga yao ilikuwa mikebe yenye lithiamu haidroksaidi, ambayo huinasa gesi hiyo hewa inapopita. Aquarius iliandaliwa kwa watu wawili, kwa siku kama mbili. Sasa walikuwa watatu, na nyumbani kulikuwa mbali, karibu siku nne. Chombo kikuu kilikuwa na mikebe mingine, lakini hiyo ilikuwa ya mraba, na tundu za Aquarius zilikuwa za duara. Vyombo viwili vya safari moja, vilivyoundwa na kampuni mbili, havikuweza kuazimana mkebe! Kosa hilo hunitisha kuliko mlipuko wenyewe, kwa sababu mlipuko ulikuwa ajali, bali maumbo hayo yalichorwa mezani na watu makini, wakiwa na muda wa kutosha.

Kule duniani, mjini Houston, mhandisi Ed Smylie na wenzake walijinyima kila kitu ambacho wanaanga hawakuwa nacho. Wakachukua mifuko ya plastiki, majalada magumu ya vitabu vya maelekezo, mirija ya hewa ya suti na utepe wa gundi. Wakaunda, wakajaribu, kisha maelekezo yakasomwa redioni hatua kwa hatua, na mikono iliyochoka huko juu ikafuata.

Feni ya suti ikavuta hewa kupitia mkebe wa mraba. Kipimo cha kaboni dayoksaidi kikaanza kushuka.

Aprili 17 wote watatu walitua katika Bahari ya Pasifiki, wakiwa hai.