Ndoo ya Kiingereza na Msiba wa Mwalimu

Mwenzetu mmoja katika idara alipofariki, wanafunzi wake walinunua kitabu cha rambirambi ili kila mmoja aandike machache kwa mjane na watoto. Nilikabidhiwa kukipitia kabla hakijapelekwa kwa wafiwa. Katika ukurasa wa nne au wa tano nikakutana na hati nzuri ya kijana ninayemjua kwa bidii yake. Aliandika kwa Kiingereza kwamba alihuzunika mno kusikia kuwa mwalimu wake mpendwa "had kicked the bucket". Nilikifunga kitabu, nikaenda kumtafuta.

Kijana hakuwa na mzaha hata chembe. Alinieleza kwamba katika shule ya msingi waliandikishwa orodha ndefu ya nahau za Kiingereza, kila moja na maana yake kandoni. Penye ndoo hiyo, maana ilikuwa neno moja tu: kufa. Aliihifadhi miaka yote hiyo kama mtu anavyohifadhi nguo ya sikukuu. Siku nzito ilipowadia, akaivaa.

Simlaumu. Katika miaka ya mtihani wa KCPE, kuanzia 1985 hadi 2023, insha iliyosheheni nahau ilishangiliwa katika madarasa mengi, na tabia hiyo haikuzikwa pamoja na mtihani wenyewe. Walimu wenzangu wataniwia radhi, lakini sisi ndio tulioandika orodha ubaoni.

Hebu tujigeuzie kioo. Mgeni anayejifunza Kiswahili amwandikie mama mjane kwamba amesikitika kusikia mumewe "amekata kamba". Kufariki, kuaga dunia, kukata roho, kukata kamba: kamusi itakwambia yote ni kufa. Hata hivyo, hakuna aliyelelewa katika lugha hii atakayeyachanganya maneno hayo matangani. Francis Grose alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza cha mitaani mjini London mnamo 1785, nahau ya ndoo ilikuwamo, na maana yake ni hiyo hiyo. Yaani tangu enzi hizo ilikuwa na anwani yake, nayo ni vijiweni, wala si msibani. Orodha zetu ziliifuta anwani, zikabakisha maana.

Kuna jambo jingine ambalo orodha haionyeshi, nalo ni la sarufi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba "spill the beans" ni kufichua siri, anaweza kuigeuza katika kauli ya kutendwa, kwamba maharagwe yamemwagwa, na Mwingereza akamwelewa. Ndoo je? Ukisema ndoo ilipigwa teke, marehemu ametoweka. Imebaki ndoo yenyewe imelala chini. Mnamo 1994, wanaisimu Geoffrey Nunberg, Ivan Sag na Thomas Wasow waliijadili tofauti hii katika jarida la Language. Katika nahau ya kwanza maana inagawika: kumwaga ni kufichua, maharagwe ni siri. Katika ya pili haigawiki. Hatuhitaji kusafiri mbali kulithibitisha hilo. Aliyefutwa kazi amemwaga unga, na twaweza kusema unga wake umemwagika, maana unga ni riziki. Lakini msichana aliyevunja ungo, je? Sema ungo umevunjwa, na msikilizaji atakuuliza mchele tutapepetea nini.

Wala sisemi nahau zisifundishwe. Zifundishwe, tena kwa visa vyake. Mlevi wa Kiingereza huwa "three sheets to the wind", na wanafunzi wangu wengi hudhani hapo pana shuka za kitandani. Kumbe "sheet" hiyo ni kamba ya kuongozea tanga, ile ambayo mabaharia wa pwani yetu huiita demani. Kamba hizo zikilegea, tanga hupigapiga ovyo na chombo huyumba kama mtu aliyelewa. Mwanafunzi mmoja kutoka Lamu alicheka kabla sijamaliza kueleza. Wale wa bara ilinibidi niwachoree ubaoni. Kadhalika "the writing on the wall" haihitaji kukaririwa na yeyote anayekijua kisa cha mkono ulioandika ukutani mwa jumba la Belshaza, katika sura ya tano ya Danieli. Anajua tayari kwamba ni dalili ya maangamizi yanayokaribia, na hatalitamka harusini.

Siku hizi mwanafunzi akiniletea nahau mpya, simwulizi maana yake. Namwuliza aliisikia kwa nani, akimwambia nani, wakiwa katika hali gani. Asipojua, namshauri aiandike kwa penseli mpaka aikute mara ya pili na ya tatu, iwe gazetini, katika riwaya au redioni.

Ule ukurasa wa rambirambi tuliutoa kwa wembe. Kijana aliniuliza, kwa sauti ya chini, ni nahau gani ya Kiingereza iliyofaa badala ya ile. Nilimwambia hapakuwa na haja ya nahau: aandike "died", kisha aeleze jambo moja ambalo marehemu alimfunza. Alikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu. Alichokiandika hatimaye kilijaza ukurasa mzima.