Daftari Kabla ya Banda

Anayelipia banda kwenye Maonesho ya Kimataifa ya Biashara ya Dar es Salaam, haya tunayoyaita Sabasaba, amelipia nafasi ya kupanga bidhaa zake mbele ya wateja. Hajakata leseni, na hajalipa kodi. Nalisema hili mapema kwa sababu wasusi, wachongaji na washonaji wengi hudhani malipo yao kwa TanTrade, mwandaaji wa maonesho, yamemaliza kila kitu, kisha hushtuka baadaye wanapotakiwa kueleza mauzo ambayo hawakuyaandika popote.

Tuanze na kodi, maana ndiko hofu iliko. Hakuna kodi ya maonesho. Mamlaka ya Mapato, TRA, haikudai kwa sababu ulisimama bandani kwenye viwanja vya maonesho, barabara ya Kilwa. Inadai kwa mauzo yako ya mwaka mzima, Januari hadi Desemba, na siku za maonesho zimo humo pamoja na nyingine zote. Kwa mtu binafsi mwenye biashara ndogo, inayotumika ni kodi ya makadirio, na hiyo hukokotolewa kwenye mauzo ghafi, wala haiulizi faida. Hapo pana uchungu wake. Ada ya banda, nauli ya basi, kusafirisha mizigo, chumba cha kulala mjini, vyote hivyo havipunguzwi kabla ya hesabu. Viingize mwenyewe kwenye bei unapopanga bidhaa zako, kwa kuwa sheria haitakukumbuka.

Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi kitu. Akivuka hapo hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu za mauzo hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kutoka milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka na mabadiliko huanza tarehe 1 Julai, yaani ndani ya msimu wa Sabasaba, hivyo thibitisha viwango vya mwaka husika kwenye ofisi ya TRA ya wilaya yako.

Chukua msusi wa vikapu vya milulu kutoka Iringa ambaye kwa mwaka ameuza milioni 4 na laki 2. Akiwa na daftari, anadaiwa asilimia 3 ya laki 2, ambayo ni shilingi 6,000. Asipokuwa nalo, anadaiwa 100,000. Mauzo ni yale yale, vikapu ni vile vile. Sasa mwaka mwingine anakwenda Dar es Salaam, maonesho yanamkubali, na jumla ya mauzo yake inafika milioni 9. Mwenye daftari atalipa 90,000 na juu yake 60,000, jumla 150,000. Asiye nalo 250,000. Nimewasikia wajasiriamali wakilalamikia ada ya banda kwa uchungu wa kweli, na malalamiko yao nayaelewa, lakini fedha hizi zinazopotea kwa kukosa daftari la shilingi chache hazisikiki kwenye vikao vyao, na mimi ndizo zinazoniuma zaidi.

Daftari lenyewe halihitaji mhasibu. Tarehe, bidhaa, idadi, bei iliyolipwa kweli, na njia ya malipo: taslimu au simu kupitia lipa namba. Andika pale pale mteja anapoondoka. Bandani watu hupatana bei, kikapu cha elfu 40 kinaondoka kwa elfu 32, na jioni hakuna anayekumbuka kipi kilikwenda kwa bei gani. Malipo ya simu yanaacha alama yake kwenye mtandao wa simu, kwa hiyo daftari linalopingana na taarifa ya lipa namba yako litakuletea maswali. Hifadhi kumbukumbu hizo kwa miaka mitano.

Kuna jambo linalowahusu hasa akina mama wa vikundi. Mmoja anapewa dhamana ya kupeleka bidhaa za wenzake kumi, fedha zote zinaingia kwenye namba yake, na kwenye karatasi anaonekana ameuza milioni 12 ilhali zake ni milioni moja. Kabla ya safari, andikeni makubaliano mafupi yenye majina, bidhaa za kila mmoja na kamisheni ya muuzaji, kila mwenye mali atie saini. Daftari la bandani liwe na safu ya mwenye bidhaa. Bila hayo, dada aliyejitolea kuwasaidia wenzake atabebeshwa kodi ya kundi zima, na sioni haki ndani yake.

Neno kwa wanaotamani kusajili kampuni ili waonekane wakubwa mbele ya wanunuzi: kodi ya makadirio ni ya mtu binafsi. Kampuni, hata iwe na cherehani moja, inatakiwa kuwasilisha hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi hulipwa. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, linakupa jina la kuweka kwenye lebo na bado unabaki kwenye makadirio.

Upande wa leseni, msingi ni Sheria ya Leseni za Biashara Namba 25 ya 1972. Biashara nyingi za kazi za mikono hupata leseni kwenye halmashauri, na safari huanza na TIN, namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure. Hakikisha ni TIN ya biashara, kwa kuwa ile uliyochukua kwa ajili ya leseni ya udereva haitoshi. Halmashauri itakutaka pia uonyeshe hati ya TRA kuwa hudaiwi. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 viliwalenga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Msusi wetu wa milioni 9 asingeweza kujificha nyuma ya kitambulisho hicho. Na kwa kuwa leseni hutaja mahali pa biashara, muulize mwandaaji wa maonesho, kwa maandishi, ni vibali gani washiriki wanatakiwa kuwa navyo uwanjani.

Wengi huogopa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, bure. Tangu Julai 2023 anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo yanayofika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Asiyesajiliwa haruhusiwi kumwongezea mteja asilimia 18 kwenye bei. Akifanya hivyo anatoza kodi asiyo na mamlaka nayo. Lakini VAT unailipa kimyakimya unaponunua kitambaa, gundi na rangi dukani, na hurudishiwi, basi ihesabu kama sehemu ya gharama. Kama una EFD, mashine ya risiti za kielektroniki, nenda nayo kwenye maonesho. Usiazime ya jirani wa banda: risiti itatoka na TIN yake, mauzo yako yatahesabiwa kwake.

Sabuni za kienyeji, mafuta ya kupaka, achari na asali vina mlango mwingine, Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 linasimamia pia usalama wa chakula na vipodozi. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwako, watakuelekeza. Mapambo ya gamba la kasa au mikoba ya ngozi ya pundamilia usivilete kabisa bila kibali cha mamlaka za uhifadhi. Na kwa mjasiriamali wa nchi jirani anayevuka Namanga au Mutukula na bidhaa alizotengeneza mwenyewe ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupata cheti cha uasili kilichorahisishwa pale pale mpakani. Kinamwondolea ushuru wa forodha, ila kodi nyingine za mpakani zinaweza kubaki, naye aziulizie kabla ya kupakia mzigo.

Limebaki jambo moja, la kalenda. Makadirio hutolewa mwanzoni mwa mwaka na kulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Sabasaba huisha katikati ya Julai, mwanzoni kabisa mwa robo ya tatu. Kama ulikadiria milioni 5 na maonesho yakakupeleka milioni 9, sheria inakuruhusu kurekebisha makadirio yako. Nenda TRA kabla ya mwisho wa Septemba, na daftari mkononi, awamu mbili zilizobaki zipangwe upya kwa mauzo halisi.