Watoto, Barabara ya Ukambani na Lugha ya Nyanya

Kila ifikapo Desemba, shule zikishafungwa, barabara ya Mombasa na ile ya Thika hufurika magari yanayoelekea Ukambani. Wazazi hujishughulisha na mafuta, magurudumu na vifurushi vya sukari na majani ya chai vya kuwapelekea wazee. Jambo moja aghalabu husahaulika, nalo ni namna watoto wa miaka mitatu, mitano au minane watakavyostahimili kukaa kitako kwa saa tatu, nne au zaidi. Hukumbukwa gari likishafika Mlolongo, pale sauti ya kwanza isikikapo kutoka kiti cha nyuma ikiuliza kama wamefika.

Wazazi wengi siku hizi hulijibu swali hilo kwa simu. Mtoto hupewa katuni, naye hunyamaza hadi Emali. Sina ugomvi na simu kama chombo. Hata hivyo, mtu anayesomesha lugha hana budi kuuliza ni kitu gani kingine kinachonyamazishwa pamoja na mtoto huyo. Safari ya kwenda kwa nyanya ni miongoni mwa nafasi adimu ambazo mzazi wa mjini hupata kukaa na wanawe saa nyingi mfululizo, pasi na mgeni, pasi na televisheni, pasi na kazi ya ziada ya shule. Ikiwa Kikamba hakizungumzwi humo garini, kitazungumzwa lini?

Msomaji asidhani kwamba ninazua hofu. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6, na lugha yenye kabila kubwa kiasi hicho haifi leo wala kesho. Lakini lugha haifi kwa hesabu ya taifa zima kwa pamoja. Hufa nyumba moja baada ya nyingine. Joshua Fishman, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu kuzifufua lugha zinazofifia, alisisitiza kwamba shule na redio haziwezi kushika nafasi ya mzazi na mwanawe. Wataalamu wa UNESCO nao, walipoorodhesha mwaka 2003 vigezo vya kupimia uhai wa lugha, walitaja kwanza urithishaji kutoka kizazi hadi kizazi. Hapa kwetu, Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe katika madarasa ya mwanzo kwa lugha ya mazingira yake. Lakini mazingira ya mtoto wa Umoja au Embakasi si ya Kikamba. Matokeo yake tunayaona huko Mutomo na Wote kila Krismasi: mjukuu amesimama mbele ya susu yake, kila mmoja akitabasamu, na mama akiwa mkalimani baina ya watu wawili wa damu moja.

Turejee garini. Kwanza kuna suala la tumbo. Kichefuchefu cha safari huwasumbua zaidi watoto waliopita umri wa miaka miwili hadi wanapokaribia kubaleghe, nacho hutokana na mgongano wa habari: sikio la ndani huuarifu ubongo kwamba mwili unakwenda, ilhali macho yaliyokazwa kwenye kitu kilicho karibu huuarifu kwamba umetulia. Kioo cha simu huzidisha mgongano huo. Mtoto anayetazama mbali, kwenye vilima vya Chyulu au uwanda wa Yatta, hupata nafuu. Basi tiba ya tumbo na tiba ya ulimi zimekutana dirishani.

Na dirishani kuna mengi. Majina ya mahali ni kamusi iliyotandazwa kandokando ya barabara. Sultan Hamud ni ukumbusho wa Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ileile ambayo reli ya Uganda ilikuwa ikijengwa. Makindu humkumbusha mwanafunzi mti wa mkindu, ambao ukindu wake husukwa mikeka. Mtito Andei ni msitu wa tai wala mizoga, na mtoto akiambiwa hivyo hatasinzia tena mpaka awatafute angani. Wazee wa Kitui nao hulihusisha jina la mji wao na wahunzi waliofua chuma huko zamani. Ama Wote, kila mtoto ajuaye Kiswahili huuliza: wote akina nani? Swali zuri hilo, wala halina haja ya kujibiwa upesi.

Kuhesabu nako kunafaa. Punda wanaobeba mitungi ya maji wakihesabiwa kwa Kikamba, mtoto atakutana na itatũ, inya, itaano, naye mwenyewe ataona kwamba anazifahamu kupitia Kiswahili. Akifika tisa, hapo mzazi ana hadithi. Kikamba husema kenda, na Kiswahili nacho kilisema kenda kabla ya tisa kuja kutoka Kiarabu na kulisukuma kando. Ndiyo maana hadi leo majirani zetu wa pwani, ambao makundi yao ni tisa, huitwa Mijikenda. Mwanafunzi wa darasa la tatu akilipata jambo hili karibu na Kiboko hatalisahau.

Kisha kuna vitendawili. Kwa Kiswahili mtegaji huitikiwa, "Tega!" Kwa Kikamba husema, "Kwata ndai!" yaani shika kitendawili, naye hujibiwa, "Nakwata." Si lazima vitendawili viwe vya kale. Watoto wahimizwe kubuni vyao kutokana na wanachokiona: nikikimbia nao hunikimbia, nikisimama nao husimama. Jibu ni miti ya barabarani, na atakayelitoa kwa Kikamba aongezewe embe. Tahadhari moja tu kwa walimu wenzangu, kwa kuwa tunajijua: gari lisigeuzwe darasa. Mtoto anayesahihishwa kila neno atainyamazia lugha hiyo upesi kuliko yule aliyepewa simu.

Dereva hamo katika mchezo huu. Kazi yake ni barabara, hasa sehemu kama ile ya Salama, jina ambalo kwa ajali zilizotokea hapo limekuwa kama mzaha mchungu. Mtu mzima mwingine ndiye awe mtegaji. Watoto wakae nyuma, wamefungwa mikanda au katika viti vya kimo chao, hata kama ni kilomita chache tu zilizobaki. Na watoto wapumzishwe kabla hawajaanza kulia. Hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, hadi leo humkaribisha msafiri yeyote kwa chakula bila malipo. Mtoto anayevua viatu na kufunika kichwa hapo hujifunza adabu ya kuingia kwa watu bila kuhubiriwa.

Nimekuwa nikisema gari kana kwamba kila mtu analo. La hasha, familia nyingi husafiri kwa basi au matatu kutoka kituo cha mabasi ya Machakos jijini, mtoto akiwa amepakatwa na mzigo ukiwa miguuni. Safari hiyo ni ngumu zaidi kwa mwili, sitaki kuipamba. Lakini kwa upande wa lugha, mtoto huyo ndiye tajiri. Tangu Thika hadi Matuu, na kutoka Kanyonyoo hadi Kitui, husikia utani, malalamiko juu ya nauli, habari za mvua na za misiba, yote kwa Kikamba cha watu wasiomfundisha chochote kwa makusudi. Mama asiyemjua humwuliza jina lake na la babake, naye hulazimika kujibu. Mwenzake aliye katika gari la kioo cheusi hulipita matatu hilo, masikio yakiwa yamezibwa na vipaza sauti vidogo.

Wakati wa kurudi, Januari, mambo hugeuka. Mtoto aliyeshinda wiki tatu na binamu zake huko Ikutha au Kibwezi huwa amebeba maneno ambayo mamake aliyasahau zamani. Hapo aachiwe yeye atege, na wakubwa wahangaike kutegua.