Mizani ya Damu Nayo Hupimwa

Mama mjamzito amekaribia kujifungua. Karatasi iliyotoka kwenye mashine ya maabara inasema kuwa chembe sahani zake, zile zisaidiazo damu kuganda, ni 40,000 tu katika kila mikrolita, ilhali kiwango cha kawaida huanzia 150,000. Mume anahangaika kutafuta wachangia damu, na nyumba nzima imeingiwa na hofu. Hata hivyo, mama mwenyewe hatoki damu puani wala kwenye ufizi, wala ngozi yake haina madoa. Je, tuiamini karatasi?

Wakati mwingine tatizo halimo mwilini mwa mgonjwa, bali limo ndani ya kichupa. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau huwekwa dawa iitwayo EDTA ili damu isigande. Kwa watu wachache, dawa hiyo huzifanya chembe sahani zishikamane mafungu mafungu. Mashine nyingi hupitisha damu iliyozimuliwa katika tundu dogo lenye mkondo wa umeme. Kila chembe ipitapo huukatiza mkondo kidogo, na mashine hukadiria ukubwa wake. Njia hiyo ilibuniwa na Mmarekani Wallace Coulter, aliyepewa hataza mwaka 1953. Basi fungu zima likipita, mashine hailihesabu kuwa ni chembe sahani. Pengine hata hulidhania kuwa ni chembe nyeupe.

Yapo na mengine. Vipande vya chembe nyekundu zilizovunjika huweza kuhesabiwa kuwa chembe sahani. Mafuta mengi katika damu huweza kupandisha himoglobini isivyo kweli. Damu iliyotolewa kwenye mkono wenye dripu huwa imechanganyika na maji ya dripu.

Hatusemi kwamba mashine ni adui. Huhesabu maelfu ya chembe kwa muda mfupi, kazi ambayo jicho la binadamu haliiwezi. Tusemalo ni kwamba mashine ni mizani, na mizani nayo hupimwa. Maabara makini huijaribu kila siku kwa damu maalumu ambayo viwango vyake vinajulikana. Mashine mpya nayo hulinganishwa na ya zamani kwa sampuli zile zile. Mwaka 1986 wataalamu Bland na Altman walitanabahisha kuwa majibu ya mashine mbili kupanda na kushuka pamoja si ushahidi kwamba yanalingana. Mizani inayozidisha nusu kilo kila mara hupanda na kushuka sawa na mizani ya haki, na mnunuzi bado anapunjwa.

Sisi Waislamu hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Sura nzima ya Qur'ani Tukufu, ya 83, imepewa jina la wapunjao vipimo.

Kwa hiyo, karatasi na hali ya mgonjwa zikipingana, familia imwombe daktari kwa adabu: kipimo kirudiwe, tone la damu litazamwe kwa hadubini, na ikibidi itolewe sampuli nyingine katika kichupa cha sitrati chenye kifuniko cha buluu. Pengine idadi itaonekana ni ya kawaida, na mama aepushwe na tiba asiyoihitaji. Pengine itathibitika kuwa ni ndogo kweli. Hapo matibabu yasicheleweshwe hata saa moja.

Kuuliza si utovu wa heshima kwa mtaalamu. Kipimo ni amana, kwake yeye na kwetu sisi. Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.