Kutoka Punje ya Mchanga hadi Sanduku la Kura

Aghalabu mzazi akisikia kwamba wasomi wa Chuo Kikuu wanachunguza kitu kiitwacho semikondakta, au wanazunguka kuwauliza watu kwa nini walipiga kura au hawakupiga, hujiuliza: utafiti huo unamfaa nini mfanyakazi mwenye watoto wa kulisha? Swali hilo ni la haki, kwani jasho la wananchi ndilo linaloviendesha vyuo. Sehemu ya jibu imo katika chombo tukijuacho sote, nacho ni redio.

KIPANDE KIDOGO, KAZI KUBWA

Viko vitu ambavyo havipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala haviuzuii kabisa kama kioo. Hivyo ndivyo semikondakta. Silikoni, ambayo imo kwa wingi katika mchanga, ni mojawapo. Nyingine ni jemaniamu. Silikoni iliyosafishwa sana ikitiwa chembe chache za fosforasi au boroni, hupitisha umeme kwa namna tofauti, na binadamu anaweza kuutawala umeme huo kama anavyofungua na kufunga bomba la maji.

Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kundi lililoongozwa na William Shockley, walifaulu kukuza mkondo wa umeme kwa kipande cha jemaniamu. Kifaa hicho kikaitwa transista, na mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kabla ya hapo redio ilitegemea valvu za kioo, ambazo sharti zipate moto ndipo zifanye kazi, nazo hula umeme mwingi. Transista haihitaji moto. Kwa hiyo redio ikawa ndogo, ikatosheka na betri chache, ikafika hata vijiji visivyo na nyaya za umeme.

REDIO PEKE YAKE HAITOSHI

Hapo wanafizikia wakawaachia kazi wataalamu wa jamii. Mwaka 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliitumia redio katika kampeni ya "Uchaguzi ni Wako". Mwaka 1971 ikafuata "Wakati wa Furaha", Tanzania Bara ilipotimiza miaka 10 ya Uhuru. Mwaka 1973 ikaja "Mtu ni Afya", iliyowashirikisha watu wapatao milioni 2 kwa majuma 12.

Siri yake haikuwa redio tu. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakakata shauri: wachimbe vyoo, wafyeke majani, walinde visima. Asiyejua kusoma naye alikuwa na la kusema. Sauti ilitoka redioni, lakini uamuzi ulitoka katika mazungumzo yao wenyewe.

KURA NAYO HUCHUNGUZWA

Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili walishindana katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba. Baadhi ya mawaziri walishindwa. Wasomi wa Chuo Kikuu waliuchunguza uchaguzi huo na ule wa 1970, wakaviandikia vitabu. Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejea, Idara ya Sayansi ya Siasa ilianzisha mpango wa REDET wa utafiti na elimu ya demokrasia.

Kazi hizo zina faida kwetu endapo tu zitarudi kwetu. Matokeo yakifungiwa kabatini, kwa lugha asiyoielewa mama muuza samaki, mwananchi hugeuzwa mtu wa kuulizwa tu, asiyejibiwa kamwe. Hapana budi mtafiti arudi kwa wale aliowahoji, awaeleze alichokiona.

Nasi wazazi tusiwagawe watoto wetu kwa kusema kwamba anayesoma sayansi ndiye mwenye akili na anayesoma siasa anapoteza wakati. Bila wa kwanza, kijiji kisingekuwa na redio. Bila wa pili, redio ingepiga kelele tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.