Nguo Kuukuu Zaweza Kuleta Riziki

Suruali ikichakaa magotini, wengi wetu huitupa, ama huifanya tambara la kufutia vumbi. Yafaa tujue, wasomaji wapenzi, kwamba wako akina mama waliojipatia riziki na heshima kwa matambara ya namna hiyo.

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mto hujipinda na kuzunguka kijiji kiitwacho Gee's Bend. Wakaaji wake ni watu weusi, wazao wa watumwa waliolima pamba mahali hapo. Utumwa ulikwisha, lakini ufukara haukwisha. Walilima kwa madeni. Mwaka 1932, mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alipokufa, jamaa zake walikuja kudai, wakachukua mifugo, vyombo vya kulimia, hata chakula.

Nyumba zao zilipenya baridi. Basi akina mama wakashona mifarishi ya viraka. Walikata sehemu nzima za nguo za kazi, wakaziunga kuwa kitambaa kimoja. Chini yake walitandaza pamba iliyopigwa kwa fimbo. Chini kabisa waliweka magunia ya unga au ya sukari. Kisha wakashona matabaka yote matatu kwa mkono. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alishona mfarishi kwa nguo za kazi za marehemu, apate kujifunika na kumkumbuka.

Mwaka 1965 Martin Luther King alifika kuwahimiza watu wadai haki ya kupiga kura. Waliothubutu kujiandikisha, wengine walinyimwa kazi, wengine wakafukuzwa katika nyumba zao. Wakati huo kasisi mmoja wa Kanisa la Kiepiskopali, Francis X. Walter, aliona mifarishi imeanikwa kambani, akatambua thamani yake. Ilipelekwa New York, ikauzwa kwa mnada. Hivyo mwaka 1966 akina mama wa Gee's Bend na vijiji jirani waliunda chama cha ushirika, Freedom Quilting Bee. Kwa faida yake walinunua shamba, wakajenga nyumba ya kushonea, na sehemu ya ardhi wakawauzia jamaa waliofukuzwa. Tazameni: sindano iliwapatia wasio na makao mahali pa kukaa!

Mwaka 1972 duka kubwa la Sears liliwaagiza foronya za mito, na mabaki ya kitambaa hicho wakayashonea mifarishi mingine. Mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Mwaka 2006 picha zake zilitiwa katika stempu za posta.

Hata hivyo sifa si sawa na fedha. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mbele ya hakimu, wakidai kwamba hawakupata fungu lao la haki. Shauri likaisha mwaka 2008. Chama chenyewe kilifungwa mwaka 2012, lakini kazi ya mifarishi haikufa.

Enyi akina mama na wasichana, mafunzo hapa ni mawili. Kwanza, msione haya kwa kiraka: mkono wenye ustadi hukipa thamani. Pili, mkishona pamoja, hesabuni pia pamoja. Andikeni kila kipande kilichouzwa, bei yake, na aliyekishona; kwa maana wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.